Mawe Yanayokunywa Kuliko Mbuzi

Shule niliiacha kidato cha pili, mwalimu wa kemia akiwa katikati ya sentensi. Miaka yote nilidhani sijapoteza kitu. Mpaka siku ile injinia aliponisimamisha mbele ya magunia ya unga wa kijivu, pale kwenye yadi yangu Garissa, akaniambia, "Fundi, hii ni takataka."

Nikamwambia, "Madam, takataka tunazo. Ungepiga simu kwanza ungeokoa dizeli."

Hakucheka. Alikuwa ametoka Nairobi, au ametoka Kenya kama wazee wetu wanavyosema mpaka leo, na safari ile kwa jua lile haimwachii mtu meno ya kucheka. Akanieleza polepole, kama mtu anayejua anaongea na kidato cha pili. Chuma kikiyeyushwa kwenye tanuri, juu yake panabaki uchafu, kama povu la supu ya mbuzi. Ule uchafu wanauengua, unapoa, unakuwa kama vigae vya chupa, na viwanda vinaurundika nyuma ya ukuta kwa sababu hakuna anayeutaka. Sasa kuna watu wameusaga. Ukiuchanganya na simiti, nusu kwa nusu, konkriti inashika vizuri tu. Na ile nusu ya simiti uliyoiacha ni moshi umeuacha, maana simiti hutengenezwa kwa kuchoma mawe, na kuchoma mawe ni moto wa hatari.

"Kwa hivyo huu unga ulishapikwa," nikasema. "Hautaki kupikwa tena."

"Sawasawa."

"Kama mkate wa anjera ya jana."

Akafikiri. "Sijui anjera ya jana ikoje. Lakini andika hivyo kichwani."

Kazi yenyewe ilikuwa mtaro. Mtaro mpya ulichimbwa kupita kwenye bulla yetu, mtaa wetu, tukafurahi siku moja, halafu tukagundua hatuwezi kutoka nyumbani. Garissa mvua haiji, ikija inakuja yote, na mtaro wa kubeba mvua kama ile ni shimo la kumeza punda. Watu wakawa wanavuka kwa mbao. Vifuniko vilitakiwa, vya konkriti, kila kimoja kipana kama mlango, na injinia alitaka vitengenezwe kwa huo unga wa takataka. Nikitengeneza vya bulla yetu na vikashika, kazi yote iliyobaki mpaka sokoni ni yangu. Visiposhika, unga unarudi Nairobi na kazi inapewa kampuni ya huko huko.

Na visiposhika, yadi naifunga. Nilikuwa natengeneza kabro, matofali ya kutandika chini, ambazo hakuna mtu alikuwa anazitaka. Zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani, kuku wangu wanatagia juu. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaniwekea nafasi. Ana mifugo yake Balambala, na mchungaji wake alikuwa amekimbilia mjini kuendesha bodaboda. Akatuma neno kupitia kwa mke wangu, ati mkwe akishindwa na mawe yake aje achunge. Mimi huyu, ambaye mbuzi akinikazia macho mimi ndiye ninayeangalia pembeni.

"Kitu kimoja," injinia akasema akipanda gari. "Hii konkriti ni polepole. Haishiki haraka kama ile umezoea. Lazima ikae na unyevu wiki mbili. Ikikauka mapema na huu upepo wenu, imekufa. Umenielewa?"

"Hakuna shida," nikasema.

Mniandikie hayo maneno juu ya kaburi.

Tulichanganya siku iliyofuata, mimi na mwenzangu wa sepeto, mzee mmoja aliyewahi kuendesha lori za ng'ombe mpaka mgongo ukakataa. Huyu mzee kazi yake ya pili ni kunikatisha tamaa. Asubuhi yake akaja akaweka kidole kwenye kifuniko, kidole kikazama.

"Hii ni uji," akasema.

"Ni polepole. Injinia alisema."

"Hata mimi ni bolebole, lakini mtu hawezi kunitia kidole."

Tukasubiri. Siku tulipotoa mbao za pembeni zilizoishikilia konkriti ndio nilitamani ardhi inimeze. Vifuniko vilikuwa kijani. Si kijani ya kubahatisha. Kijani kama mkate uliosahauliwa ndani ya begi. Majirani wakaja kuangalia, na mtu wa kwanza akafanya kitu ambacho sikuwahi kuona mtu akifanyia konkriti: aliinama akanusa. Halafu wa pili akanusa. Halafu, astaghfirullah, na mimi nikanusa.

"Imeoza," mzee akatangaza.

Nikampigia injinia. Akasema hiyo rangi ni kawaida kabisa ya huo unga, itaondoka yenyewe ikipigwa na hewa. Nikawaambia watu. Wakaniangalia kama wanavyomwangalia muuza nyama anayesema rangi ni kawaida.

Lakini rangi ilikuwa mchezo tu. Balaa lilikuwa maji.

Ulikuwa ukame. Mto uko, Tana haijatoroka, lakini mto uko kule na yadi iko huku, na katikati kuna mkokoteni wa punda na mwenye punda. Watu walikuwa wameshaanza kuleta mifugo karibu na mji, mbavu nje. Na hapo katikati ya hayo yote, mtu mzima, baba wa watoto, anasimama asubuhi na jioni anamwagia mawe maji. Mbele ya watu. Nilifunika vifuniko na magunia ya katani, nikayalowesha, na kila nikilowesha nasikia shingo inawaka kwa macho ya wapita njia.

"Waryaa," mmoja akaniita kutoka barabarani, "hayo yataota lini?"

Mwenye punda naye alikuwa mtu wa dini kuliko alivyokuwa mtu wa biashara. Siku ya tatu akasimamisha mkokoteni, akakataa kushusha mitungi. "Nikuulize kitu, ndugu yangu. Maji ni ya nani?"

"Ni ya Mungu."

"Na unampa nani?"

Nikaangalia vifuniko. Nikaangalia punda. Punda naye alikuwa anasubiri jibu. Alishusha nusu, akaenda na nusu nyingine kwa mama mwenye watoto, na mimi ningemwambia nini? Nimwambie naokoa hewa ya dunia?

Halafu mbuzi. Mama mkwe alikuwa ameleta mbuzi wake wa maziwa kutoka Balambala kwa sababu ya ukame, akafikia kwetu, na kati ya boma lake na yadi yangu kuna ua wa miti ya miiba ambao mbuzi wale waliuona kama pazia. Wakigundua kuna maji juu ya mawe wanakuja. Wanakunywa kila kitu kilichotuama, halafu, kwa kuwa ni wageni wenye adabu, wanamalizia na gunia. Gunia la katani lililolowa, kumbe kwa mbuzi ni pilau. Nikirudi kutoka dukani nakuta kifuniko kitupu kinapigwa na jua, na mbuzi amekaa juu yake anatafuna, ananiangalia.

Sasa utasema, wafukuze. Wewe si wa kwetu. Kwanza, mnyama mwenye kiu hafukuzwi majini. Hata mwizi wa mifugo hafanyi hivyo. Pili, hao si mbuzi tu, hao ni mbuzi wa mama mkwe. Mimi na soddoh, mama mkwe wangu huyo, tunaheshimiana, maana yake ni kwamba simkazii macho, naye hanikazii, na neno likitaka kuvuka linapitia kwa mke wangu. Na mke wangu si bomba safi.

"Mwambie mama yako mbuzi wake wanakunywa kazi yangu," nilimwambia.

Akaenda. Akarudi.

"Mama anakusalimia sana."

"Na mbuzi?"

"Nao wanakusalimia."

"Abaayo, nitafungiwa yadi! Ulimwambia nini hasa?"

"Nilimwambia unafurahi wamepata maji." Akakunja shuka aliyokuwa anakunja. "Ulitaka nimwambie mume wangu anawanyima mbuzi maji ili awape mawe? Nimwambie kwa mdomo huu?"

Injinia aliporudi, alishuka na nyundo ndogo mkononi. Hakuuliza hata habari. Akagonga kifuniko cha kwanza, kikatoa vumbi. Akagonga cha pili, kona ikabaki mkononi mwake kama kipande cha biskuti. Juu palikuwa na nyufa ndogo ndogo, kama miguu ya mtu asiyepaka mafuta.

"Umenyima maji," akasema.

"Mimi? Mimi nimenyima? Madam, mimi nimechekwa na mji mzima kwa sababu ya kutoa maji!"

"Mawe hayajui umechekwa. Yanajua yamekauka."

Nikamwonyesha mbuzi. Alikuwa ametulia pale juu ya kifuniko cha mwisho, na uzi wa katani unaning'inia mdomoni. Injinia alimwangalia muda mrefu. Nadhani huko chuo kikuu, sura ya mbuzi hawakufika.

Akasema unga uliobaki unatosha raundi moja. Mvua inakuja. Raundi hii ikiharibika yeye hawezi kunitetea tena, maana na yeye ana watu juu yake wanaosema takataka ni takataka. Akaniachia turubai za nailoni nifunikie badala ya magunia. Akaondoka bila chai, na kwetu mgeni akiondoka bila chai ujue umeharibu.

Tukamwaga upya. Mzee wa sepeto akasema, "Mara ya kwanza tulitengeneza uji. Sasa tunatengeneza githeri." Usiku wa kwanza mbuzi akapita juu ya konkriti mbichi, maana ni polepole na yeye ni haraka, na akaacha nyayo kwenye vifuniko vitatu, safi kabisa, kama ameweka sahihi. Tukazifuta kwa mwiko. Tukafunika nailoni, tukaweka mawe pembeni. Mbuzi wakasikia harufu ya maji ndani. Wakasukuma mawe kwa pua, wakatoboa nailoni kwa kwato, wakaingiza ndimi kwenye matundu. Nilikaa chini nikashika kichwa. Nikaona kabisa nikiwa Balambala na fimbo, na mbuzi hawa hawa mbele yangu, wananichagulia njia.

Ndio nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nioe. Nilikwenda kwenye ua wa miiba, upande wa pili mama mkwe alikuwa amekaa anasuka mkeka. Nikageuka nikampa mgongo, kwa heshima, nikaongea na ukuta wa jirani.

"Mama," nikauambia ukuta, "nisamehe. Nina shida."

Nikasikia naye anageuka, na jibu likaja kwa sauti ya mtu anayeongea na miiba. "Shida yako naijua. Nyumba nzima inaijua. Mpaka punda anaijua."

"Yale mawe yakikauka, mama, kazi imekwisha."

"Na mbuzi wakikauka?"

"Hapana, mama. Wasikauke."

"Mnyama akisikia harufu ya maji mahali pamefungwa, atafungua. Hata wewe ungefungua. Umewahi kuwawekea yao?"

Sikuwa nimewawekea. Wallahi, mwanaume mzima, mkwe wa wafugaji, mtoto wa wafugaji, nilikuwa nimefikiria nailoni, miiba, mawe, mpaka nilikuwa nimeulizia bei ya waya, na sikufikiria kuwapa mbuzi maji.

"Kata pipa," akaendelea. "Waanze wao. Na hayo mawe," hapo nikasikia anavuta ukili, "kama ni lazima yaoge, kwa nini yaoge maji mapya? Watu hapa hutawadha wapi?"

"Kila mtu kwake, mama. Na wengine msikitini."

"Na maji yanakwenda wapi?"

"Yanamwagika chini."

"Basi chini ya miguu yao kuwe na mawe yako. Hapo hakuna atakayesema umeharibu maji." Halafu akaongeza, si kwangu, kwa miiba, "Mwanaume amesoma mpaka sekondari."

Nikakata pipa katikati, nikalijaza, nikaliweka upande wa mbuzi. Wakanywa, wakashiba, wakalala, hawakunitazama tena. Wiki nzima ya vita, na pipa moja. Nikazunguka bulla kuwaambia wanaume kwamba atakayetaka kutawadha, maji yako kwangu, bora atawadhe akiwa amesimama juu ya kifuniko. Nilitegemea wanicheke. Wakaja. Mwenye punda akaja wa kwanza, akauliza mara mbili kama maji ya mifugo yametolewa kwanza, nikamwonyesha pipa, na kuanzia siku hiyo alileta mitungi kamili na mmoja wa ziada akaukatalia malipo, ati ule ni wa thawabu.

Mbona sasa usingizi ukaisha. Alfajiri kabla sijafungua jicho nasikia makohozi na viatu yadini. Adhuhuri wamejaa, wamekunja mikono, kila mmoja na ibriki yake, kila mmoja amechagua kifuniko chake. Wakaanza kuwa na vifuniko vyao! "Toka hapo, hicho ni changu, changu kimelowa vizuri." Wazee wakaanza kukagua. Yule aliyeniuliza mawe yataota lini sasa alikuwa ananigombeza mimi kwamba kona ya kushoto imekauka na mimi nimekaa tu. Laasiri, magharibi, isha, hivyo hivyo. Wakimaliza, mzee wa sepeto anafunika nailoni nyuma yao akinung'unika kwamba hakuajiriwa kuwa mwadhini.

Injinia akapiga simu. "Mnamwagilia?"

"Watu wanatawadha juu yake."

"Wanafanya nini?"

"Wanatawadha, madam. Wanajiandaa kwa sala. Maji yanaangukia vifuniko."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tano."

Nikasikia anavuta pumzi. "Hata Nairobi sijapata mtu wa kumwagilia mara tano. Usiwaguse. Endeleeni."

Siku ya kujaribu, vifuniko viliwekwa juu ya mtaro mbele ya nyumba zetu, na injinia akakodi lori la maji, limejaa. Bulla yote ikatoka. Mimi nilisimama nyuma kidogo, karibu na mke wangu, nikiwa nimeshika mkia wa shuka yake kama mtoto, sikumbuki niliushika saa ngapi. Lori likapanda kifuniko cha kwanza. Hakuna sauti. Cha pili. Likafika katikati ya cha tatu, na dereva, Mungu amlaani na amsamehe, akasimama. Akazima injini. Akashuka kubishana na mtu aliyekuwa anadai amemrushia vumbi.

"Ondoa lori!" nikapiga kelele. "Ondoa lori, wewe!"

"Mwache," injinia akasema, mikono kifuani. "Mwache abishane."

Wakabishana. Nilisoma kila dua ninayoijua na nyingine nilizitunga hapo hapo. Dereva akashinda ugomvi, akarudi, akawasha, akaondoka. Injinia akapiga magoti akapitisha kiganja kwenye kifuniko, chini akachungulia na tochi ya simu, akagonga na ile nyundo yake. Kikalia kengele. Sio vumbi, kengele.

"Mpaka sokoni," akaniambia, akasimama akijifuta magoti. "Wiki ijayo nakuletea unga mwingine. Lori zima."

Watu wakapiga makofi, wengine wakijipongeza wenyewe, maana kila mmoja aliona ni udhu wake. Mama mkwe akawa wa kwanza kuvuka. Alikanyaga kifuniko, akasimama katikati, akapiga kisigino mara moja, mara ya pili. Halafu akamgeukia injinia, na Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe mtoto. Hii nafanya ingine?"

"Ndiyo, mama. Nyingi. Mpaka sokoni."

"Na hii wanaume yote natafadha hapa kwa mlango yangu, mbaka sokoni?"

"Mama, inaonekana ndiyo."

Soddoh akaangalia yadi, akaangalia wale wanaume na ibriki zao, na mwisho, kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake, akaniangalia mimi, usoni kabisa, muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Sikujua niweke macho wapi. Akavuta mtandio, akavuka akaenda zake, na mbuzi wakamfuata juu ya konkriti yangu, wakiacha choo njia nzima.

Nikaenda kutafuta ufagio.